Uzi wa Kichwa cha Fundi Makame

Siku ile tulikuwa sita chumbani kwa Fundi Makame. Fundi mwenyewe alikuwa juu ya kigoda chake, kando ya swichi ya ukutani. Petro, mtoto wa seremala wa Kikwajuni, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mdomo wa mtu wa arobaini. Bi Rukia, mnunuzi wa kofia, alikuja kuulizia kazi yake akajikuta amekaa. Mdogo wangu Hamdu, miaka kumi. Kitindamimba wetu Zuhura alikuwa mkekani, vidole vyekundu kwa ubuyu. Na mimi, msichana wa miaka kumi na mitano niliyekuwa nimeshaacha skuli. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja wao alidai kwamba bila yeye tusingeshinda, na sijaona bado aliyesema uongo.

Nimewakumbuka juzi nilipofungua bati la biskuti la marehemu mama, lile la nyuzi na sindano. Harufu ya kafuri ilinipiga kwanza, kisha harufu ya chuma kikongwe. Chini kabisa nikaukuta uzi mweupe mrefu kiasi, wenye fundo moja. Mshonaji wa kofia yeyote angeujua ule ni nini. Ni kipimo cha kichwa cha mtu.

Baba yetu alitangulia mimi nikiwa darasa la nne. Mama alianguka uani akikuna nazi, hakuamka tena. Baada ya arubaini Bi Rukia akaniletea kitambaa cheupe kilichokwisha kuchorwa, akasema, “Kazi ya mama yako hii. Mkono wako naujua, ulikuwa ukimsaidia. Basi usisaidie tena, shona.” Nikashona. Kofia za viua ni kazi ya mkono na ya subira: unatoboa tundu moja, unalizungushia uzi, unakwenda la pili. Kofia moja nzuri hula miezi. Skuli sikurudi, na sikuona kama nimepoteza kitu, maana nilikuwa na watoto wawili wa kuwavusha.

Zuhura alivuka bila taabu. Hamdu ndiye aliyenishinda. Asubuhi alitoka na mkoba wa skuli, mchana mwalimu alituma mtu kuuliza yuko wapi. Nilimsema, nilimbembeleza, siku moja nilimfungia viatu kabatini akaenda peku. Habari zikafika Mkokotoni kwa Ami Khatibu, kaka wa baba, mtu wa mashua, asiyependa maneno mengi. Akaja na kikapu cha samaki, akakaa barazani bila kuvua kofia.

“Mtoto mwanamume hawezi kulelewa na msichana ambaye mwenyewe bado analelewa,” alisema. “Jumapili nnakuja. Akinambia kwa mdomo wake kuwa anarudi skuli, ntamwacha kwako. Asiponambia, nnakwenda naye.”

Usiku nikamwambia Hamdu aseme tu hilo neno moja. Akatikisa kichwa.

“Siwezi kumdanganya Ami.”

“Basi rudi skuli, lisiwe uongo.”

“Ntarudi nikimaliza gemu.”

Siku ya pili nikamfuata kwa nia ya kumtoa kwa sikio. Wa rika langu mtazikumbuka zile nyumba za gemu, kabla simu hazijampa kila mtoto gemu lake mfukoni. Ya Fundi Makame ilikuwa Mlandege, nyuma ya maduka ya vitambaa. Asubuhi alitengeneza redio na feni, watoto kama Hamdu wakishika zamu nje. Akirudi kutoka msikitini Adhuhuri, alizisukuma feni pembeni, akavuta pazia, akawasha televisheni yenye mgongo mkubwa kama jiwe la kusagia. Mle ndani kulinuka waya wa moto, jasho na ubuyu.

Sikumshika sikio. Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Kwenye kioo palikuwa na mwanamume kifua wazi, mikufu ya dhahabu imemfika kitovuni, bunduki kila mkono. Nyuma yake ghorofa zima lilikuwa linaanguka, na yeye hageuki kulitazama.

“Huyu kafanywa nini?” nikauliza.

“Kaibiwa maikrofoni,” alisema Petro. “Ya almasi. Huyu mwimbaji, mkubwa huko Marekani. Alikwenda kuimba nchi ya jangwani, baada ya tamasha wakamwibia. Sasa anaitafuta.”

“Ndiyo anaua watu wote hao?”

“Wote hao ndio wameiba.”

Leo wadogo zangu hunicheka, lakini kwa siku mbili nzima niliamini ile ni picha ya kweli, kama taarifa ya habari. Nilidhani huko kwao mtu akishakuwa mwimbaji mkubwa hupewa na silaha. Nikawafikiria waimbaji wetu wa taarabu, wamekaa vitini kwa adabu wakitunzwa, nikamshukuru Mungu kwa kuzaliwa Unguja. Yule bwana tulimwita Mikufu. Kila alipoangusha watu wengi kwa mpigo, wimbo wake mwenyewe ulilia angani. Palikuwa pia na kitufe cha kumfanya atukane kwa Kiingereza, na hicho Fundi Makame alikuwa amekiziba kwa plasta ya kidonda kwenye padi zote mbili, vile vishikio vya kuchezea.

“Hata kama nyinyi hamwelewi,” alisema, “malaika wanaelewa.”

Nilikaa kidogo nikaona jambo. Gemu lilichezwa na watu wawili, Mikufu na mpiga ngoma wake, bonge mmoja mwenye miwani. Mmoja akianguka, juu yake zilitokea namba nyekundu, kumi kushuka hadi moja. Mwenzake akimfikia na kumshika mkono kabla namba hazijaisha, aliyelala aliinuka akaendelea. Asipomfikia, wote wawili wamekwisha. Petro alikuwa na shabaha nzuri, lakini hakuwa na moyo wa kurudi nyuma. Hamdu alipoanguka, Petro alisema, “Ngoja nimalize hawa kwanza,” na namba zikaisha. Hamdu hakugombana naye. Aliishika tena padi yake taratibu akasema, “Tuanze tena.”

Kuanza tena hapo kulikuwa na maana yake. Kadi ya kuhifadhia mchezo ilikuwa imekufa. Ukizima, umerudi mwanzo. Na Fundi Makame alizima kila adhana, pale pale ukutani. Watoto walimwomba mara ngapi sijui asimamishe picha tu.

“Mwito ni mwito,” alijibu. “Nikiiacha picha imesimama, na nyinyi mtakuwa mmesimama mbele yake mpaka kwenye safu ya sala.”

Kwa hiyo gemu lilitakiwa liishe katikati ya Adhuhuri na Alasiri, muda wa kama saa tatu hivi, na hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kufika mwisho.

“Nipe padi,” nilimwambia Petro.

“Wewe? Mtoto wa kike?” Akawageukia wenzake. “Anataka kumpikia Mikufu!”

“Nipe, kabla sijamwambia baba yako nani alokata mkia wa shati lake la kanisani.”

Akanipa. Siku hiyo nilikufa kama inzi. Siku ya pili nilikufa kidogo. Siku ya tatu vidole vyangu vikaanza kunambia kitu. Mtu aliyezoea kutia sindano kwenye tundu dogo kuliko punje ya mtama haoni shida kukiona kichwa cha adui nyuma ya pipa. Nililenga kama ninavyotoboa: moja, halafu lingine, bila haraka na bila kuruka. Ijumaa Petro aliacha kunicheka, akaanza kunielekeza.

Ijumaa hiyo hiyo nikamwendea Fundi Makame. Nilitaka Jumamosi, kuanzia Adhuhuri mpaka Alasiri, mashine iwe yetu peke yetu, watoto wengine wote wabaki nje. Nikamweleza habari ya Ami na Jumapili.

“Na mimi ntapata nini?” aliuliza.

“Kofia ya viua. Kazi ya mkono wangu.”

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akaivua kofia yake, ile ya kushonwa kwa mashine, imechakaa ukingo, akainamisha kichwa. Nikamzungushia uzi, nikafunga fundo.

“Haya, bibi wa kofia,” alisema. “Lakini adhana haingoji mtu.”

“Hatuiombi ingoje.”

Jumamosi tukaanza hata Fundi hajamaliza kuvua makubadhi. Hamdu alikuwa Mikufu, mimi mpiga ngoma. Tulipita sokoni, tukapita bandarini, tukalipua ghala, tukaendesha gari ndani ya nyumba ya mtu mwema sana ambaye hakutuudhi chochote. Bi Rukia akaingia wakati huo, miwani puani.

“Shikamoo, Bi Rukia,” nikasema bila kugeuza shingo.

“Marahaba. Kofia yangu iko wapi? Na huyu mwanamume mbona hana shati?”

Petro akamweleza ile habari ya maikrofoni.

“Maikrofoni moja tu?” alisema Bi Rukia. “Si angenunua nyingine!” Akajikalia mkekani kando ya Zuhura. Baada ya muda mfupi alikuwa anapiga paja lake. “Kulia, mwanangu! Kulia nyuma ya ngazi! Yule mwizi yule, mshenzi mkubwa!”

Darajani, namaanisha lile daraja la kwenye gemu, nilipigwa. Mpiga ngoma wangu akalala chali. Hamdu alikuwa ng'ambo kabisa. Kumi. Tisa. Nane. Petro akajishika kichwa. Mikufu akageuka, akakimbia katikati ya risasi bila yeye kupiga hata moja. Nne. Tatu. Mbili. Akapiga goti, akanishika mkono, nikasimama.

“Nshafika,” alisema Hamdu. Hakuwa akinambia mimi. “Leo nshafika.”

Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na vidole vyake havikusimama hata kidogo.

Hapo ndipo nikaelewa. Mchana ule alioanguka, mama alikuwa amemtuma Hamdu ndimu. Akapitia kwa Fundi Makame kutazama kidogo tu, akarudi ndimu zimepata joto mfukoni, na uani kumejaa watu. Tangu hapo alikuwa akija pale kila siku ya Mungu kujifunza kufika. Katika akili yake ya miaka kumi, mama alilala na namba nyekundu zikahesabika juu yake, na yeye alikuwa ng'ambo.

Kuna maneno ambayo mtu huweza kuyasema akiwa anatazama kitu kingine. Nikaendelea kukitazama kioo.

“Hamdu.”

“Naam.”

“Siku ile mimi nlikuwepo.”

Akarusha bomu dirishani.

“Nlikuwa nnaosha mchele, hatua mbili kutoka kwa mama. Nlimshika hata nazi haijaacha kubingirika. Nlifika kwenye kumi, Hamdu. Wala hakuinuka.”

“Ulimshika mkono?”

“Yote miwili.”

“Sana?”

Bi Rukia ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Sana, mwanangu. Mimi ndiye nlombandua dada yako.”

Tukavuka mtaa mzima wa lile gemu. Mikufu aliangusha watu wanane, wimbo wake ukalia, hakuna aliyeusikiliza.

“Basi haikuwa ndimu,” alisema Hamdu.

“Haikuwa ndimu.”

Akavuta kamasi, akajifuta kwa bega. Petro alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akapasuka: “Jamani, mnaongea na helikopta inakuja!”

Ilikuwa inakuja kweli. Mwizi mkuu alikuwa ndani yake, na ile maikrofoni kaifunga shingoni kama hirizi. Ilikuwa ndio mwisho wa mchezo, na hakuna aliyekuwa ameuona kabla yetu. Tukaipiga, ikatupiga. Zuhura alitafuna ubuyu wake. Ndipo tukaisikia adhana.

Misikiti ya mjini haiiti kwa pamoja. Wa upande wa pwani ulianza, mbali, kama mtu anayeita mwenzake kutoka chumba kingine. Ukafuata wa upande wa Darajani. Wetu ulikuwa wa mwisho siku zote, maana muadhini alikuwa mzee na ngazi alizipanda polepole, na kabla ya kuita alikohoa mara mbili kwenye kipaza sauti. Mtaa wote ulikijua kikohozi kile. Fundi Makame alifuata msikiti wetu tu. Akainuka kigodani, akaweka kidole juu ya swichi.

“Fundi, tafadhali,” Petro alisema.

“Mwito ni mwito,” alisema Fundi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Helikopta ilikuwa imebakiwa na damu kidogo sana, ule mstari mwekundu wa uhai wake umekonda kama uzi. Kombora likashuka, Mikufu akaruka hewani na mikufu yake, akaanguka upande wa pili wa uwanja. Kumi. Tisa.

“Mwache!” Petro alipiga kelele. “Piga helikopta! Imebaki risasi mbili tatu, ipige!”

Pengine alikuwa na haki. Pengine ningeimaliza kabla ya namba kwisha. Lakini kazi ya kofia ilikuwa imeshanifunza: ukiruka tundu ili umalize safu upesi, kofia nzima hukunjamana, na hakuna kichwa kitakachokaa ndani yake. Nikaiacha helikopta nikakimbia. Saba. Sita. Miguu ya mpiga ngoma ilikuwa mifupi, bonge lile, nililichukia siku ile kwa unene wake. Nne. Risasi zikanipiga mgongoni, kioo kikawa chekundu. Tatu. Bi Rukia alikuwa amesimama, ushungi umemwanguka mabegani. “Mwinue mdogo wako! Mwinue!” Mbili.

Nikamshika mkono.

Kipaza sauti cha msikiti wetu kikakwaruza. Mzee akakohoa.

Hamdu aliinuka akiwa ameshalenga. Sijui aliilenga saa ngapi, labda akiwa bado amelala. Alipiga mara moja. Helikopta ikawaka, ikazunguka, ikaangukia jumba la mwizi, jumba likaangukia jingine, na mbingu yote ya lile jangwa ikawa moto. Maikrofoni ikashuka taratibu kutoka juu, inametameta, Mikufu akanyoosha mkono akaidaka bila kuitazama. Mzee akakohoa mara ya pili. Mikufu akaipangusa maikrofoni kwa kidole gumba, akaisogeza mdomoni, akavuta pumzi.

“Allahu Akbar, Allahu Akbar...”

Fundi Makame akazima.

Kioo kikanywea kikawa tone jeupe, kisha hakuna. Mpaka leo sijui Mikufu aliimba nini. Na kwa vile adhana ilikuwa ikiendelea, hakuna aliyeweza kupiga kelele. Petro alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili akirukaruka palepale. Hamdu alining'ang'ania shingoni mpaka nikakosa pumzi, nasi wawili tukitetemeka kwa furaha isiyo na sauti. Fundi alikuwa akimwitikia muadhini kwa midomo, kama ada, na mashavu yake yanacheka kivyake. Sijawahi kusikiliza adhana ndefu kama ile, wala tamu kama ile. Ilipokwisha, na dua ikasomwa mpaka mwisho wake, Bi Rukia akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Michenzani. Jirani mmoja akafungua dirisha.

“Nani kaolewa huko?”

“Hakuna aloolewa!” Petro alijibu. “Tumepata maikrofoni yetu!”

Fundi alikwenda kusali na Hamdu akamfuata. Petro, kama kawaida yake, alibaki kibarazani kulinda makubadhi, na siku hiyo aliyalinda kama askari.

Jumapili Ami Khatibu alifika mapema. Hamdu alimngojea mlangoni, amevaa sare ya skuli siku ambayo si ya skuli.

“Shikamoo, Ami. Nnarudi skuli.”

“Marahaba. Nani kakufunza kusema?”

“Hakuna. Nlikuwa nna kazi, nshaimaliza.”

Ami alimtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akavua kofia yake. Akatuachia samaki, akarudi Mkokotoni peke yake.

Hatukuachana tena. Nimeshona, nimewavusha. Hamdu leo ni fundi wa umeme, na akija kwangu haji bila ndimu. Huziweka jikoni kimya kimya, nami huzipokea kimya kimya. Zuhura ana nyumba yake na mtoto wake.

Ile kofia ya Fundi Makame niliishona. Nilipoifikisha safu ya mwisho, Hamdu alikuwa hana viatu vya sekondari, ikaenda kwa Bi Rukia. Nikaanza ya pili, Zuhura akaugua, ikaenda. Ya tatu iliondoka na kitanda chake cha harusi. Kila mara nilikwenda mwenyewe kumwambia Fundi, nikiwa nimeshika ule uzi kama ushahidi, na kila mara alinijibu neno lile lile, bila kuinua macho kwenye redio yake: “Kichwa changu hakikui, bibi wa kofia. Watoto ndio wanaokua.”

Sasa nipo kwenye ya nne. Wiki iliyopita Zuhura alinambia mwanawe anaanza skuli, na sare bado. Nikaitazama kofia mapajani, nikaanza kuhesabu bei yake. Kumbe alikuwa ameshamwambia na kaka yake. Kabla ya Magharibi Hamdu akanipigia simu.

“Dada, hiyo kofia usiiuze.”

“Na sare?”

“Nshafika,” alisema. “Wewe shona.”

Fundi Makame nywele zake zimekuwa nyeupe, na katika chumba kile cha Mlandege sasa hutengenezwa simu. Jana nilipita nikamwona ameinama juu ya kazi, na ile kofia yake ya mashine, imechakaa ukingo mzima. Nimebakisha safu mbili.